Dada Rosetta na Gitaa Lake

Mwezi huu tumeona vema kuwasimulia wasomaji wetu habari za Rosetta Tharpe, mwimbaji wa Marekani. Huenda vijana wetu wanaopenda muziki wa roki hawalijui jina lake, ingawa wamwonapo mpiga gitaa akitamba jukwaani wanaona mambo ambayo mama huyu aliyafanya kabla ya wengi. Naye aliyatoa kanisani.

Alizaliwa tarehe 20 Machi 1915 katika mji mdogo wa Cotton Plant, jimbo la Arkansas, nchi ya mashamba ya pamba. Mama yake, Katie Bell Nubin, alikuwa mwinjilisti wa Kanisa la Mungu katika Kristo, kanisa la Wapentekoste weusi lisiloona haya kupiga matari na kucheza mbele za Bwana. Mama alipiga mandolini, na mtoto akashika gitaa. Alipokuwa na umri wa miaka sita hivi walihamia Chicago, na akiwa bado mdogo akawa anatangazwa katika mikutano ya Injili kama mtoto wa ajabu. Huko ndiko alikojifunza kurusha kichwa nyuma, kupiga hatua mbele nyuzi zinapolia, na kusema na watu katikati ya wimbo mpaka waitikie. Mhubiri wa barabarani asipowashika watu kwa sauti na mwili wake wote, watapita zao!

Mwaka 1934 aliolewa na mhubiri aitwaye Thomas Thorpe. Ndoa haikudumu, lakini jina alibaki nalo, likiwa limegeuka kidogo kuwa Tharpe. Mwaka 1938 alikwenda New York, akaimba katika ukumbi wa starehe wa Cotton Club. Tarehe 31 Oktoba mwaka huohuo akarekodi santuri zake za kwanza kwa kampuni ya Decca, na tarehe 23 Desemba akasimama katika ukumbi mkubwa wa Carnegie Hall.

Hapo ugomvi ukaanza. Watu wa kanisa lake waliuliza inakuwaje wimbo wa sifa uimbwe mahali watu wanapokunywa pombe na wasichana wanapocheza nusu uchi. Sisi hatudhani walioliuliza swali hilo walikuwa wajinga. Wengi wetu tumewahi kukaa katika halmashauri ya kanisa iliyobishania gitaa na ngoma hata jua likachwa, na huko hapakuwa na pombe. Tena Rosetta, alipokuwa na bendi ya Lucky Millinder tangu 1941, aliimba pia nyimbo za mapenzi, jambo lililowaumiza zaidi waliompenda. Baadaye alirudia nyimbo za Injili, ila gitaa lake la umeme halikurudi nyuma. Wimbo wake mmoja, Strange Things Happening Every Day, aliourekodi 1944, ulifika nafasi ya pili mwaka 1945 katika orodha ya santuri za watu weusi. Wako wataalamu wanaouhesabu miongoni mwa santuri za kwanza kabisa za roki, nao ni wimbo wa kanisa.

Mwaka 1947 alifika mji wa Macon, jimbo la Georgia. Kabla ya onyesho alimsikia kijana wa miaka 14 akiimba nyimbo zake, akampandisha jukwaani jioni ileile na kumlipa. Kijana huyo ndiye aliyejulikana baadaye duniani kote kwa jina la Little Richard. Yeye akazidisha: kupiga kinanda akiwa amesimama, nywele ndefu, mavazi ya kumetameta, mayowe. Mwaka 1962 vijana wa Beatles waliimba pamoja naye Uingereza na Hamburg, na Paul McCartney akajifunza mayowe yale. Mwaka 1963 wale wa Rolling Stones walisafiri naye Uingereza, na Mick Jagger akapata nafasi ya kumtazama usiku baada ya usiku.

Njia nyingine ilipitia kwa Jordanaires, waimbaji wanne wazungu waliosafiri na Rosetta kabla ya kuimba nyuma ya Elvis Presley. Siku zile hoteli nyingi za kusini hazikumpokea mtu mweusi, hivyo Rosetta alilala katika basi lake, na wenzake wazungu wakaingia mikahawani kumletea chakula. Elvis aliupenda sana upigaji wake wa gitaa. Johnny Cash naye, mwana wa Arkansas, alimtaja mwaka 1992 alipopewa heshima kubwa ya wanamuziki wa roki.

Harusi yake ya tatu, Julai 1951, aliifanyia katika uwanja wa mpira mjini Washington, na watu wapatao 25,000 wakalipa kiingilio. Sisi hilo hatulisifu.

Tarehe 7 Mei 1964 televisheni ya Uingereza ilimrekodi katika stesheni ya reli iliyoachwa huko Manchester, watazamaji wakiwa jukwaa la upande mmoja wa reli na waimbaji upande wa pili. Mvua ilikuwa imenyesha. Rosetta alishuka katika gari la farasi akiwa na koti lake zuri, akachukua gitaa jeupe, akaanza na wimbo wa gharika ya Nuhu. Picha zake zipo hadi leo, na mtu akizitazama ataona hatua na mikono aliyoizoea kwa wapiga gitaa waliokuja baadaye.

Mwaka 1970 alipata kiharusi, kisha kisukari kikamfanya akatwe mguu. Aliendelea kuimba. Alifariki Philadelphia tarehe 9 Oktoba 1973, siku moja kabla ya kwenda kurekodi, akazikwa bila jiwe la kaburi. Ilipita zaidi ya miaka thelathini kabla ya wapenzi wa nyimbo zake kuchanga fedha na kumwekea jiwe. Jumba la heshima la muziki wa roki, ambalo Little Richard na Elvis waliingizwa mwaka 1986, lilimwingiza yeye mwaka 2018.