Edmond Albius: Mtoto Aliyeizalisha Vanila

Likizo iliyopita mjomba alirudi kutoka Uganda na tunda jembamba, jeusi, refu kama kamba ya kiatu. Harufu yake, jamani! Nikaling'ata upesi upesi. Kumbe chungu! Mjomba akacheka, akaniambia hiyo ni vanila, haitafunwi, hutiwa kwenye maziwa au keki. Nilipopekua vitabu kuhusu tunda hilo, nikakutana na Edmond Albius.

Edmond alizaliwa mtumwa mwaka wa 1829 huko Sainte-Suzanne, katika kisiwa cha Réunion, mashariki ya Madagaska, kilichokuwa koloni la Ufaransa. Mamake aliaga dunia wakati wa kumzaa. Akalelewa kwa Ferréol Bellier-Beaumont, mwenye shamba aliyependa sana mimea. Darasani Edmond hakuingia, lakini alimfuata bwana wake bustanini, akajifunza jinsi ya kuchavusha kwa mkono maua ya mmea wa jamii ya matikiti.

Sasa, asili ya vanila ni Mexico, ambako nyuki wa huko huichavusha. Ilipopelekwa Réunion ilitambaa mitini, ikachanua, lakini wapi! Matunda hakuna. Ua lake hufunguka kwa saa chache tu, kisha hunyauka. Tena ndani mna kiwambo kinachotenga sehemu ya kiume na ya kike. Mtaalamu wa Ubelgiji, Charles Morren, alifaulu kupata matunda mwaka wa 1836, ila njia yake haikuwafaa wakulima.

Mwaka wa 1841, Bellier-Beaumont akitembea bustanini na Edmond, wakati huo akiwa na miaka 12, aliona matunda mawili kwenye mvanila uliokuwa tasa miaka mingi. Edmond akasema ni kazi yake. Mzee hakuamini. Siku chache baadaye likatokea tunda jingine, akamtaka amwonyeshe. Basi kijana akashika kijiti, akainua kile kiwambo, akagandamiza chavua mahali pake kwa kidole gumba. Kwisha!

Akapelekwa shamba kwa shamba kuwafundisha wengine. Wenye mashamba wakatajirika. Yeye je? Wahenga walisema mcheza kwao hutuzwa, lakini Edmond hakutuzwa. Utumwa ulipokomeshwa kisiwani mwaka wa 1848, alipata uhuru na jina la Albius, basi. Akafanya kazi ya jikoni mjini, akafungwa kwa kosa la wizi, akaachiliwa mapema baada ya Bellier-Beaumont kumwombea. Hata mtaalamu mmoja Mfaransa alijaribu kudai kwamba yeye ndiye aliyemfundisha. Bellier-Beaumont akasimama imara kumtetea kijana. Mwaka wa 1880 Edmond alifariki maskini hohehahe. Ama kweli, shukrani ya punda ni mateke!

Hadi leo, wakulima wa Madagaska, Komoro na Uganda huchavusha vanila kwa mkono, ua kwa ua, kwa njia ya mtoto yule. Nami niliyemzidi umri, mwenye vitabu na walimu, bustani ya shule huipita kila siku bila kuinama kutazama hata ua moja. Nimeona haya, wenzangu. Muhula huu nitainama.

Nanyi mkionja keki yenye vanila, mtajeni Edmond. Deni lake halijalipwa.