Claude Bernard na Sukari ya Ini

Sisi tufundishao sayansi tumezoea kuanza somo la wanga na sukari kwa kuorodhesha majina: glukosi, sukrosi, wanga, glikojeni. Mwanafunzi huyakariri, huyajibu katika mtihani, na jambo huishia hapo. Katika makala haya twapenda kueleza maisha ya mtu aliyelitoa jina la mwisho katika orodha hiyo, kwani twaamini kuwa yanaweza kutusahihisha sisi wakufunzi kabla hatujawasahihisha wanafunzi wetu.

Claude Bernard alizaliwa tarehe 12 Julai, 1813, katika kijiji cha Saint-Julien nchini Ufaransa, mtoto wa mkulima wa mizabibu. Shuleni hakuwa mwanafunzi wa kusifiwa. Alipokuwa kijana alifanya kazi katika duka la dawa mjini Lyon. Humo mlikuwa na dawa moja mashuhuri iliyouzwa kwa maradhi ya kila namna. Bernard akaona kwamba mabaki ya dawa nyingine, hata zilizoharibika, yalitiwa ndani yake, na bado wateja waliitaka. Tangu hapo alijifunza kutoamini jambo kwa sababu tu ya sifa zake.

Tamaa yake ya kwanza ilikuwa kuandika michezo ya kuigiza. Mwaka 1834 alikwenda Paris na mswada mkononi, akamwonyesha mhakiki mmoja, ambaye alimshauri ajifunze udaktari ili apate riziki. Bernard alitii. Katika mtihani wa hospitali wa mwaka 1839 alikuwa wa 26 kati ya 29 waliochaguliwa, na mwaka 1844 alishindwa mtihani wa kupata nafasi ya kufundisha udaktari. Lakini François Magendie, mtaalamu wa fiziolojia katika Collège de France, alikwisha kuona ustadi wa mikono yake na kumchukua kuwa msaidizi.

Siku zile wanasayansi wakubwa wa Ufaransa, akiwamo Jean-Baptiste Dumas, walifundisha kwamba mimea ndiyo inayotengeneza sukari, na kwamba wanyama huipata kwa kula tu, kisha huiunguza mwilini. Bernard alitaka kujua ni mahali gani mwilini sukari hiyo huunguzwa. Akamlisha mbwa nyama tupu, chakula kisicho na sukari, akapima damu itokayo katika ini. Alikuta sukari tele. Kwanza alijishuku mwenyewe, akarudia jaribio mara nyingi, hata kwa wanyama walioshinda na njaa. Jibu likawa lile lile. Mwaka 1848 alitangaza kwamba ini lenyewe hutoa sukari.

Wapo waliompinga. Mwaka 1855 Louis Figuier alidai kwamba ini ni ghala tu la sukari iliyoletwa na damu kutoka katika chakula. Jibu la Bernard lilitokana na jambo dogo. Alikuwa na desturi ya kupima sukari ya ini moja mara mbili, apate uhakika. Siku moja muda ulimwishia. Akapima mara ya kwanza na kuiahirisha ya pili hadi kesho yake. Kesho yake ini lile lile lilikuwa na sukari nyingi zaidi. Angeweza kulihesabu jambo hilo kuwa kosa la kipimo, au kutafuta wastani wa tarakimu mbili, na hapana ambaye angemlaumu. Yeye aliuliza: je, muda uliopita ndio ulioleta tofauti?

Akapitisha maji katika mishipa ya ini lililotolewa mwilini, kwa muda wa dakika 40 hivi, mpaka ini likawa halina dalili ya sukari. Akaliacha mahali penye joto la kadiri. Siku ya pili sukari ilikuwamo tena, ingawa haikuwamo damu wala chakula cha kuileta. Basi ndani ya ini mlikuwa na kitu kinachogeuka kuwa sukari. Mwaka 1857 alikitenga kitu hicho: unga mweupe ufananao na wanga wa mimea. Akauita kwa jina lenye maana ya kizaa sukari, yaani glikojeni.

Leo twajua kwamba glikojeni ni mnyororo mrefu wa glukosi wenye matawi mengi. Baada ya mlo, ini huunganisha glukosi na kuiweka akiba. Mtu anapofunga tangu alfajiri hadi magharibi, vimeng'enya huumega mnyororo huo na kuitia glukosi katika damu, ili ubongo usikose nguvu. Twajua pia kwamba ini huweza kutengeneza glukosi kutokana na sehemu za protini. Ndiyo maana mbwa aliyekula nyama tupu hakukosa sukari.

Ushindi huo ulikuwa na gharama. Bernard alipasua wanyama wengi wakiwa hai. Mkewe, ambaye mahari aliyokuja nayo ilisaidia kuendesha kazi hiyo, aliichukia, na mwishowe wakatengana. Hatuoni haja ya kuuficha ukweli huo kwa wanafunzi. Bernard alifariki Paris tarehe 10 Februari, 1878, na taifa likamzika kwa heshima zake.

Sasa turudi darasani. Tulipokuwa tukifundisha kupima wanga na sukari, kikundi kimoja cha wanachuo kilipima ndizi mbichi kwa mchanganyiko wa Benedict, na rangi ikageuka nyekundu ya tofali. Kitabu kilisema ndizi mbichi huwa na wanga mwingi na sukari kidogo sana. Tuliwaambia wafute, waandike jibu la kitabu. Jioni tulikumbuka kwamba mkungu ule ulikwisha kukatwa siku tatu. Ganda lilikuwa bado kijani, lakini ndani wanga ulikuwa umeanza kugeuka sukari. Wanachuo walikuwa wameona sawasawa. Sisi ndio tuliowafutisha.

Tuliwaomba radhi kipindi kilichofuata, tukakata mkungu mwingine na kuupima kila siku kwa juma zima. Tangu hapo daftari za majaribio chuoni kwetu zina safu mbili za ziada: saa ya kupima, na umri wa kitu kinachopimwa. Matokeo yasiyolingana na kitabu hayafutwi. Hupigiwa mstari, na jaribio hurudiwa.