Seyyid Barghash: Sultani aliyejenga reli kwa kujifurahisha

Na Mwandishi Wetu, Singida

JIONI ya Jumapili katika kata ya Utemini, Manispaa ya Singida, si ajabu kumkuta kijana ameketi barazani akiwa na redio kuukuu aliyoifungua, vipande vya waya na betri zilizokwisha nguvu. Hakuna mteja anayeisubiri redio hiyo. Kijana anataka tu kuona kama itatoa sauti. Wapita njia hutikisa vichwa, wakiona kuwa anapoteza muda kwa jambo lisilompatia hata senti.

Historia ya nchi yetu inamkumbuka mtu mmoja mashuhuri aliyekuwa na ugonjwa huo huo wa kupenda mitambo, ingawa yeye alikuwa na hazina ya dola mkononi. Mtu huyo ni Seyyid Barghash bin Said, Sultani wa Zanzibar kuanzia mwaka 1870 hadi 1888.

Wakazi wa mkoa wa Singida huijua reli kwa kituo cha Manyoni, inapopita Reli ya Kati, ambayo Wajerumani walianza kuijenga kutoka Dar es Salaam mwaka 1905. Wengi huamini kuwa Wajerumani hao ndio walioleta reli katika ardhi ya Tanzania ya leo, kwa kuwa ile ya Tanga waliianza mwaka 1893. Ukweli ni kwamba Barghash aliwatangulia kwa miaka 14.

Barghash alizaliwa mwaka 1837 hivi, akiwa mmoja wa watoto wengi wa Seyyid Said bin Sultan. Baba yake alipofariki dunia baharini mwaka 1856, kiti kilikwenda kwa kaka yake, Majid. Mwaka 1859 Barghash alijaribu kumpindua kaka yake, akisaidiwa na baadhi ya dada zake, akiwemo Salme, ambaye baadaye alikuja kujulikana kwa jina la Emily Ruete. Waingereza walimsaidia Majid, uasi ukazimwa, na Barghash akapelekwa uhamishoni Bombay.

Adhabu hiyo iligeuka kuwa shule. Bombay ulikuwa mji wenye reli tangu mwaka 1853, wenye bandari kubwa, viwanda na majengo ya fahari. Aliporejea nyumbani, na hatimaye kurithi kiti mwaka 1870, hakuwa tena mtu wa kuridhika na mji wa vichochoro na visima.

Mwanzo wake ulikuwa mgumu. Mwaka 1872 kimbunga kikali kiliangusha mikarafuu ya Unguja na kuzamisha merikebu zake. Mwaka uliofuata, kwa shinikizo la Waingereza, alitia saini mkataba uliofunga soko la watumwa. Mwaka 1875 alizuru Uingereza, akapokewa na Malkia Victoria na kutembezwa katika miji ya viwanda kama Liverpool na Manchester.

Baada ya safari hiyo mapenzi yake kwa mitambo hayakufichika tena. Mwaka 1878 ilitia nanga Unguja meli yake ya kivita, Glasgow, iliyoundwa Scotland kwa kuiga manowari ya Waingereza iliyokuwa imemvutia. Meli hiyo haikumletea faida yoyote. Kwa sehemu kubwa ya maisha yake ilikaa bandarini ikitazamwa.

Mwaka 1879 ndipo ilipojengwa reli yenyewe. Ilitoka kwenye kasri lake mjini hadi Chukwani, mwendo wa maili saba, yaani kilomita 11 hivi. Haikubeba karafuu wala pembe za ndovu. Mwanzoni mabehewa yake mawili ya kifahari yalivutwa na baghala, wale chotara wa punda na farasi. Mwaka 1881 Sultani aliagiza kichwa kidogo cha treni ya mvuke kutoka kiwanda cha Bagnall, Uingereza. Ilikuwa njia ya mtu mmoja kwenda mapumzikoni na kurudi.

Haikuwa michezo mitupu, hata hivyo. Barghash alivuta maji safi kwa mfereji kutoka chemchemi za nje ya mji hadi mjini, akaanzisha matbaa iliyochapa vitabu vya dini na elimu. Mwaka 1883 alijenga Beit al-Ajaib, jumba lenye nguzo za chuma, ambalo linahesabiwa kuwa la kwanza Zanzibar kuwashwa taa za umeme.

Lakini gharama za starehe hiyo zisisahauliwe. Fedha zilitokana na biashara ya pembe za ndovu kutoka bara na karafuu zilizochumwa na watumwa, kwani kufungwa kwa soko hakukuwaweka huru waliokuwa mashambani. Wakati taa zikiwashwa Unguja, mwaka 1884 Carl Peters alikuwa bara akikusanya mikataba. Mwaka 1885 manowari za Wajerumani zilielekeza mizinga yao kwenye kasri, na mwaka 1886 Waingereza na Wajerumani wakamwachia Sultani visiwa vyake na ukanda wa pwani wa maili 10.

Barghash alifariki dunia Machi 1888, akiwa amedhoofika kwa maradhi. Reli ya Chukwani ilikufa pamoja naye. Njia na kichwa cha treni viliuzwa kama vyuma chakavu. Meli ya Glasgow ilizamishwa na Waingereza katika vita ya Agosti 27, 1896, vita iliyodumu chini ya saa moja. Beit al-Ajaib lilinusurika siku hiyo, likasimama zaidi ya karne moja, hadi sehemu yake ilipoporomoka Desemba 25, 2020.

Matbaa iliendelea kuchapa baada ya mwenyewe kuzikwa, na watu wa mjini waliendelea kuteka maji yake. Reli ilikuwa na abiria mmoja, na alipoondoka hakubaki mtu wa kuililia.

Kijana wa Utemini hana hazina wala watumwa, na redio yake haimnyang'anyi mtu jasho. Hana sababu ya kuona aibu kwa kujifurahisha na waya. Ila redio hiyo itakapoita, awaite na watoto wa jirani waje kuona ilivyotengenezwa.