Robert Smalls: Rubani Aliyeiba Meli, Kisha Akakataa Kutia Sahihi

Wengi wanaolijua jina la Robert Smalls wanalijua kwa ajili ya usiku mmoja, ule wa kuamkia Mei 13, 1862, alipoitoa meli ya jeshi katika bandari ya Charleston, jimbo la South Carolina nchini Marekani, akaipeleka kwa maadui wa mabwana zake. Ni kisa kitamu na nitakieleza. Lakini mtu huyu aliishi karibu miaka 53 mingine baada ya usiku huo, na vita vyake virefu zaidi alivipigana ndani ya kumbi za bunge, bila bunduki, na huko alishindwa. Sehemu hiyo haisimuliwi sana.

Smalls alizaliwa Aprili 5, 1839 mjini Beaufort, katika kibanda nyuma ya nyumba ya bwana wake, wa ukoo wa McKee. Beaufort ni mji wa pwani, umezungukwa na visiwa na vijito vya maji ya chumvi, na mashamba ya visiwa hivyo yalilimwa na watumwa waliokuwa wengi kuliko weupe. Walikuwa na lugha yao, Gullah, Kiingereza kilichochanganyika na lugha za Afrika, na hiyo ndiyo aliyokua nayo Robert. Mamake, Lydia, alifanya kazi za ndani, kwa hivyo mtoto akalelewa mbali na mashamba. Inasimuliwa kuwa mama huyo aliogopa mwanawe asije akadhani utumwa ndio huo tu, akampeleka makusudi akaone watu wakichapwa viboko.

Alipofika miaka 12 alipelekwa Charleston kukodishwa. Mtumwa alimfanyia kazi mtu mwingine, na mshahara ukaingia mfukoni mwa bwana. Robert alihudumia wageni hotelini, akawasha taa za barabarani, mwisho bahari ikamvuta. Akawa kuli bandarini, akashona matanga, akafunga kamba, kisha akapewa usukani. Katika jasho lake lote aliachiwa dola 1 kwa wiki. Akaijua Charleston fungu kwa fungu na mkondo kwa mkondo. Kazi yake ilikuwa ya rubani, kwa maana ya zamani ya neno hilo, kabla halijachukuliwa na watu wa ndege. Ila cheo cha rubani kilikuwa cha weupe, kwa hivyo yeye aliitwa mshika usukani tu. Kazi ile ile, jina dogo.

Desemba 1856 alimwoa Hannah Jones, mtumwa aliyefanya kazi katika hoteli. Wakajaliwa binti, Elizabeth, na baadaye mtoto wa kiume. Kwa sheria ya huko mtoto alikuwa mali ya bwana wa mamake. Robert akaafikiana na bwana huyo amnunue mkewe na binti yao kwa dola 800. Alizokuwa nazo ni dola 100. Piga hesabu mwenyewe, msomaji, ukijua kuwa bwana angeweza kubadili nia asubuhi yoyote akawauza kwingine.

Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilianza Aprili 1861, kwa mizinga iliyoipiga ngome ya Sumter, mlangoni mwa bandari hiyo hiyo. Majimbo ya Kusini yalijitenga ili kuulinda utumwa, na Kaskazini ikaleta manowari kuifunga pwani yao. Smalls akajikuta katika meli ya mvuke iliyoitwa Planter, ambayo zamani ilibeba pamba na sasa ilibeba silaha za Kusini. Akiwa usukanini aliziona manowari za Kaskazini maili chache tu nje ya mlango. Uhuru ulikuwa pale, ukionekana kwa macho.

Mei 12, 1862 Planter ilirudi gatini na mizinga minne iliyong'olewa kwenye kisiwa jirani. Nahodha na maafisa wenzake wawili, wote weupe, wakashuka kulala mjini. Mabaharia weusi wakaachwa melini. Kiasi cha saa tisa usiku wakawasha moto wa boila, Smalls akavaa koti la nahodha na kofia yake pana, wakapandisha bendera ya Kusini. Nao hawakutoka nje moja kwa moja. Kwanza waliingia gati jingine kuwachukua wake na watoto waliokuwa wamejificha, huku kila dakika ikiwasogezea mapambazuko. Kwangu mimi ujasiri wa usiku ule ulikuwa hapo zaidi ya kwingine. Walifika watu 16, na walikuwa wameapiana kwamba wakikamatwa wataiangamiza meli wao wakiwa ndani yake.

Kila ngome iliyokuwa njiani ilidai ishara ya honi, na Smalls alizijua zote. Sumter, iliyo kubwa kuliko zote, waliifikia saa kumi na nusu alfajiri. Akasimama kama nahodha alivyozoea kusimama, kofia imemfunika uso, akapiga honi. Akaruhusiwa kupita. Walipotoka nje ya masafa ya mizinga wakateremsha bendera na kupandisha shuka jeupe la kitanda, lililoletwa na Hannah. Manowari ya Kaskazini iitwayo Onward ilikuwa tayari imeelekeza mizinga yake kwao. Nusura iwafyatulie kabla shuka halijaonekana.

Alikuwa na miaka 23. Rais Lincoln alitia sahihi sheria ya kuwatuza mabaharia wale, na fungu la Smalls likawa dola 1,500, ingawa meli yenyewe ilithaminiwa chini ya bei yake. Kubwa kuliko meli ni yale yaliyokuwa kichwani mwake. Alijua mabomu ya majini yametegwa wapi na ngome ipi imeachwa tupu, na jeshi la Kaskazini likakiteka Coles Island bila vita kwa habari zake. Agosti mwaka huo alikwenda Washington na mchungaji mmoja kuomba weusi waruhusiwe kupigana, na mwezi huo huo waziri wa vita, Stanton, akatoa amri ya kuandikisha hadi 5,000.

Yeye mwenyewe aliendelea baharini. Aprili 1863 alikuwa rubani wa meli ya chuma Keokuk, iliyopigwa na mizinga mara 90 hivi mbele ya Charleston ikazama kesho yake. Desemba hiyo, nahodha mweupe wa Planter alipokimbilia kwenye ghala la makaa kujificha na risasi, Smalls alishika uongozi akaitoa meli salama, na ndipo akafanywa nahodha wake. Akiwa bado shujaa wa magazeti alitolewa katika gari la abiria mjini Philadelphia, akiwa huko meli ikitengenezwa, kwa sababu ya rangi yake. Mji huo ulikuwa wa Kaskazini.

Nyumba ile ya Beaufort ambayo alizaliwa nyuma yake iliuzwa na serikali wakati wa vita kwa sababu ya kodi. Smalls akainunua. Mwenyewe wa zamani alimshtaki hadi Mahakama ya Juu ya Marekani, na mwaka 1878 Smalls akashinda. Husimuliwa katika ukoo wake kuwa mke wa bwana wake wa zamani alifika akiwa mzee, akili imempotea, akidhani ile bado ni nyumba yake, na Smalls akamkaribisha akae.

Mwaka 1868 South Carolina iliandika katiba mpya, na Smalls alikuwa mmoja wa walioiandika. Jimbo hilo lilikuwa limepiga marufuku kumfundisha mtumwa kusoma, na yeye mwenyewe alijifunza ukubwani. Aliloleta katika mkutano huo ni azimio la shule za umma, za bure, zilizo wazi kwa watoto wote. Kisha akachaguliwa bunge la jimbo, seneti ya jimbo, na kuanzia 1875 Bunge la Wawakilishi mjini Washington.

Waliokuwa mabwana hawakulala. Julai 1876, katika kijiji cha Hamburg, wanamgambo weusi waliojisalimisha waliuawa na kundi la weupe. Benjamin Tillman alikuwa katika kundi hilo, na hakuona haya kulisema hadharani baadaye. Mwaka uliofuata Smalls alihukumiwa miaka 3 kwa tuhuma ya kupokea hongo ya dola 5,000 alipokuwa seneta. Shahidi mkuu alikuwa mtu aliyekiri wizi mwenyewe na kusamehewa ili atoe ushahidi. Mwaka 1879 gavana alimsamehe Smalls, na kwa upande wa pili serikali kuu ikaacha kesi za weupe walioshtakiwa kwa kuvuruga uchaguzi. Kila mtu aone mwenyewe biashara iliyofanyika hapo. Kiti chake alikipoteza mwaka 1878 kwa George Tillman, kakake Benjamin, akarudi baadaye kwa rufaa, na akatoka bungeni kabisa mwaka 1887.

Septemba 1895 Benjamin Tillman aliitisha mkutano wa kuandika katiba nyingine, na hakuficha shabaha: kuwaondoa weusi kwenye daftari la wapiga kura, katika jimbo ambalo weusi ndio waliokuwa wengi. Wajumbe walikuwa 160, na weusi 6. Smalls, mwenye miaka 56, alikuwa mmoja wao. Ile 1868 alikuwa amekaa katika mkutano wa aina hiyo kama mjenzi. Sasa alikuja kutazama kikibomolewa alichojenga.

Hapakutajwa rangi, kwa kuwa katiba ya Marekani ilikataza. Badala yake, mpiga kura ajue kusoma au kueleza kifungu cha katiba mbele ya msajili mweupe, awe amelipa kodi ya kichwa miezi 6 kabla ya uchaguzi, na asiwe amepatikana na makosa fulani. Orodha ya makosa hayo ilikuwa na wizi na kumpiga mke. Uuaji haukuwamo. Wajumbe walipotaka kukataza ndoa za weupe na weusi, Smalls alipendekeza kuwa mweupe yeyote atakayeishi kinyumba na mweusi asishike cheo cha umma, na mtoto wao apate jina na urithi wa babake. Ukumbi uliijua maana yake vizuri. Pendekezo likaangushwa.

Mwisho wa mkutano, wajumbe walipoitwa kutia sahihi, Smalls alikataa.

Alirudi Beaufort akawa tena mkuu wa forodha ya bandari, hadi 1913 serikali ya Rais Wilson ilipomwondoa. Alifariki Februari 23, 1915, katika nyumba ile ile. Mwaka 2023 jeshi la majini la Marekani liliipa manowari moja jina lake, badala ya jina la pigano walilolishinda watu wa Kusini. Baada ya 1897 South Carolina haikumpeleka mweusi mwingine bungeni Washington hadi 1993. Na katiba ile ya 1895 aliyokataa kuitia sahihi, ingawa imerekebishwa mara nyingi, ndiyo katiba ya jimbo hilo hadi leo.