George Boole, mtoto wa fundi viatu aliyeacha jina lake ndani ya kompyuta

Msikilizaji wa Nachingwea au Ruangwa anayejifunza Python kwenye simu yake atakutana mapema na neno bool. Ukilitafuta kwenye kamusi ya kawaida unaweza usilione. Ni jina la mtu lililokatwa mkia.

George Boole alizaliwa tarehe 2 Novemba 1815 mjini Lincoln, Uingereza. Baba yake alikuwa fundi viatu, lakini moyo wake ulikuwa kwenye hesabu na darubini, hivyo kazi ya viatu ikadorora. George alipata shule ya msingi na masomo machache ya juu yake. Kilatini alianzishwa na muuza vitabu wa mjini kwao. Kigiriki, Kifaransa na Kijerumani akajifundisha mwenyewe. Biashara ya baba ilipoanguka, kijana wa miaka 16 akaenda kufundisha ili alishe wazazi na wadogo zake. Akiwa na miaka 19 alifungua shule yake mwenyewe. Inasimuliwa kwamba alipenda kununua vitabu vya hesabu kwa sababu kimoja kilimchukua muda mrefu kukimaliza, kwa hiyo pesa ilidumu. Wenye bando dogo watamwelewa.

Mwaka 1849 alipewa uprofesa wa hesabu katika chuo cha Cork, Ireland, bila kuwa na shahada yoyote. Kilichombeba ni maandishi yake.

Wazo lake kubwa, alilolieleza katika vitabu vya 1847 na 1854, ni kwamba kufikiri kunaweza kuandikwa kama hesabu. Jambo la kweli ni 1, lisilo kweli ni 0. Tuchukue gunia la korosho. Tuseme linapokelewa ghalani kama korosho zimekauka na pia ni safi. Zidisha: 1 mara 1 ni 1, linapokelewa. Zikiwa kavu lakini chafu, 1 mara 0 ni 0, unarudi nalo nyumbani.

Kwa Python tunaandika hivi:

kavu = True
safi = False
linapokelewa = kavu and safi

Jibu ni False. Angalia herufi kubwa mwanzoni mwa True na False. Ukiandika true kwa herufi ndogo, Python inadhani ni jina la kitu usichokitaja, na inagoma. Badala ya and unaweza kuweka or, yaani mojawapo likitimia inatosha. Neno not hugeuza kweli kuwa si kweli. Ukitumia if, malizia mstari huo kwa nukta mbili, na mstari unaofuata uusogeze ndani kwa nafasi nne. Hapo ndipo wanafunzi wengi hukwama, hasa kwenye kioo kidogo cha simu.

Boole hakuona kompyuta ya umeme. Mwaka 1937 Mmarekani Claude Shannon alionyesha kwamba swichi za umeme, zikiwashwa na kuzimwa, hufuata hesabu ile ile.

Mwishoni mwa 1864 Boole alitembea kwa miguu kwenye mvua kubwa kwenda darasani, akafundisha na nguo mbichi mwilini. Homa ya mapafu ikamshika. Wanasimulia kwamba mkewe Mary aliamini ugonjwa hutibiwa na kilichouleta, akamfunika mashuka yaliyolowa maji. (Usijaribu, nenda zahanati.) Alifariki tarehe 8 Desemba akiwa na miaka 49, akaacha mabinti watano, mdogo akiwa bado mchanga.

Mary alihamia London, akapata kazi ya maktaba, na baadaye akaandika vitabu vya kufundishia watoto hesabu. Binti wa tatu, Alicia, hakupelekwa chuo kikuu. Alijifunza jiometri nyumbani, akakata maumbo yake kwa karatasi ngumu, na mwaka 1914 Chuo Kikuu cha Groningen, Uholanzi, kikamtunuku udaktari wa heshima.