Margaret Trowell, aliyepeleka kazi ya mikono Makerere

Wahunzi wa zamani wa Kasulu na Kibondo hawakusomea chuoni. Walijifunza kwa kuvukuta mivukuto ya wazee wao. Margaret Trowell, Mwingereza aliyezaliwa 1904, alitaka chuo kiheshimu ujuzi wa namna hiyo. Mwaka 1937 alianza kufundisha barazani kwake Kampala. Darasa likakua, likawa shule ya sanaa ya Makerere. Mtanzania mwenzetu Sam Ntiro alisoma hapo. Mwaka 1953 Trowell na Klaus Wachsmann walitoa kitabu kuhusu kazi za mikono za Uganda. Alistaafu 1958. Mrithi wake, Cecil Todd, akaegemea Ulaya. Hapo, naona mimi, mhunzi wa kijijini aliachwa mlangoni. Trowell alifariki 1985.