Emin Pasha, Mganga wa Askari

Miongoni mwa wasafiri waliopita Usukuma zamani za misafara, alikuwako mganga mmoja mwembamba, mwenye miwani, ambaye sifa zake zilienea Ulaya yote. Jina lake la kuzaliwa lilikuwa Eduard Schnitzer. Alizaliwa mwaka 1840 katika mji wa Oppeln, nchi ya Silesia. Baada ya kusomea uganga alitumika katika dola ya Waturuki. Kisha, mwaka 1876, Gordon alimfanya mganga mkuu wa Ekwatoria, jimbo la Misri lililokuwa upande wa juu wa mto Nile. Huko alijulikana kwa jina la Emin. Mwaka 1878 akawa liwali wa jimbo lile.

Khartoum ilipotekwa na watu wa Mahdi mwaka 1885, Emin na askari wake walitengwa na ulimwengu. Stanley akaja kumtafuta, wakaonana mwaka 1888 penye Ziwa Albert. Emin alisitasita kuwaacha watu wake, hata baadhi ya askari wakaasi wakamfunga. Basi mwaka 1889 akaondoka na Stanley. Walipumzika Usambiro, kusini ya Ziwa Viktoria, kwa mmisionari Mackay, wakapita Nera na Shinyanga. Safari ile haikuwa ya amani: huko Nera palipigwa vita, na Wasukuma wakauawa kwa bunduki za msafara.

Walifika Bagamoyo tarehe 4 Desemba 1889. Usiku ule ule, katika karamu ya kuwapokea, Emin, ambaye macho yake yalikuwa yamefifia, alianguka kutoka ghorofani akaumia vibaya kichwani.

Alipopona hakurudi kwao. Mwaka 1890 aliingia bara tena kwa kazi ya Wadachi, akapandisha bendera yao Tabora, akaanzisha boma la Bukoba. Mwaka uliofuata akaelekea magharibi, na huko ndui ikawashika watu wake. Ndipo mwezi wa Desemba 1891 alipomwamuru mwenzake, Dakta Stuhlmann, arudi Bukoba pamoja na wazima. Yeye mwenyewe, ingawa alikuwa karibu kuwa kipofu, alibaki na wagonjwa. Mwezi wa Oktoba 1892 aliuawa katika nchi ya Kongo kwa amri ya Kibonge, mmoja wa wakubwa wa biashara ya watumwa.

Katika utawala alikuwa mtu wa kusitasita, na bendera aliyoipandisha haikuombwa na wenyeji. Lakini saa ya ndui hakusita. Alikumbuka kwamba kazi yake ya kwanza ilikuwa uganga, akakaa penye wagonjwa wake.